Boti ilibaki Matema, mashine nikapanda nayo Mbeya

Boti yangu ni ya mbao, inasukumwa na mashine ya nguvu za farasi 15, na riziki yake ni kupeleka wageni Ikombe, kijiji cha wafinyanzi, na kurudi na vyungu vya Wakisi. Kuanzia Machi kazi hiyo hufa. Masika ya Kyela, wilaya yetu, si ya mchezo, na mvua ikianza kukata, mwera, yaani upepo wa kusini, unaingia. Ziwa Nyasa lina urefu unaozidi kilomita 550, na Matema iko huku kwenye ncha ya kaskazini, kwa hiyo upepo huo unakusanya mawimbi ziwa zima ndipo unakuja kuyapasulia mlangoni kwetu. Wavuvi wanaujua mwera, wanajua saa ya kutoka na saa ya kurudi. Mimi na wageni wangu, hapana. Niliamua boti ipumzike hadi Septemba.

Nilichozingatia tangu mwanzo ni kwamba boti na mashine yake havipendi hifadhi moja. Mbao zikikauka mno zinanywea na kuachia viungo, wakati mashine unyevu ndio unaoiua. Watu wengi huviweka pamoja chini ya turubai moja, na kimoja lazima kiumie.

Kwanza mahali. Maji ya ziwa hupanda na masika na kushuka kiangazi, tofauti inaweza kufika mita moja, na ufukwe wenyewe ni tambarare. Boti uliyoiacha pakavu Februari, Aprili utaikuta inaelea. Vijana walinisaidia kuivuta juu ya magogo mpaka kwenye kivuli cha miembe, uani kwa mama mmoja jirani. Tuliiinua juu ya vigogo vilivyopakwa oili chafu, maana mchwa wa Kyela hawasubiri mwaliko. Omo, yaani mbele ya boti, tuliinyanyua kidogo na kizibo cha tezini, kule nyuma, nikakitoa, mvua ikiingia itoke yenyewe. Maji ya mvua yakituama ndani ndiyo yanayoozesha taruma, zile mbavu za boti, na kuoza huko huanzia chini ya sakafu usikotazama.

Nilikuwa nimepanga kuifunika kwa turubai. Mzee mmoja Mkisi, fundi wa mitumbwi, akanizuia: "Mwanangu, chini ya plastiki hiyo patakuwa na joto na ukungu. Na ukija kuikausha kama usipa, itakudai maji yote iliyopoteza." Tukaifanyia kibanda cha mianzi na nyasi, kimeachwa wazi pande zote. Mama mwenye uwanja nilimwomba mvua zikiisha awe anaimwagia ndoo ya maji mara moja moja. Alicheka sana, lakini alifanya.

Mashine ndiyo iliyonichukulia muda. Niliiwasha kwenye pipa la maji safi ili isukume nje mchanga. Chumvi ziwani hakuna, lakini mchanga wa Matema unatosha kula impela, ile feni ya pampu ya maji. Ikiwa bado inaunguruma nikachomoa mpira wa mafuta, ikaendelea mpaka ikazimika yenyewe. Hapo kabureta imebaki tupu. Petroli iliyochanganywa na oili, ile lita moja kwa hamsini, ikikaa miezi humo ndani huacha utando unaoziba vijitundu. Mchanganyiko uliobaki kwenye tangi niliwapa wavuvi, wao wangeumaliza kesho yake.

Nikafungua plagi, nikatia oili kidogo kwenye silinda, nikavuta kamba taratibu isambae. Kisha nikavua propela. Nyuma yake palikuwa na uzi wa nyavu uliojiviringa, na uzi huo ukiachwa hukata sili, mpira unaozuia maji yasiingie kwenye gia. Oili ya gia nilipoimwaga ilikuwa imeanza kuwa nyeupe, yaani maji yalishaingia. Nilibadilisha sili na oili kabla ya kuihifadhi, kwa sababu maji yakilala humo msimu mzima, gia zitaliwa na kutu.

Kondakta wa basi la Mbeya aliinusa mashine pande zote kabla ya kukubali kuipakia. Nyumbani Mbeya niliifunga wima kwenye fremu ya mbao stoo, maji yaliyobaki yachuruzike, mbali na jiko la mkaa.

Septemba mashine ilikubali baada ya kuvutwa mara chache, ikatoa moshi mwingi wa ile oili ya silinda, kisha ikatulia. Boti ilivuja, kama mzee alivyosema. Tuliiacha imejaa maji kwenye kina kifupi siku kadhaa mbao zivimbe, na viungo karibu vyote vikajifunga. Kilibaki kimoja tu karibu na mkuku, ule uti wa chini wa boti, nacho mzee alikitia kalafati, yaani alikiziba kwa pamba, akakipiga puti juu, na wiki iliyofuata tukapeleka wageni Ikombe.