Kiyoyozi cha BTU 9,000 kilichoshindwa na chumba Dodoma
Chumba cha mita 4 kwa 5, bati juu, alasiri za Oktoba hakikushuka chini ya nyuzi 29. Kusafisha filta na kupima gesi hakukubadili kitu.

Hesabu ya kawaida: mita za mraba 20 mara BTU 600 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) ni 12,000, kwa dirisha la magharibi, asilimia 10 zaidi. Kabla ya kununua mashine kubwa, gusa dari saa 10 alasiri. Hii ilikuwa ya moto kuliko ukuta! Joto lilishuka kutoka kwenye bati.

Nilitandaza pamba ya nyuzi za kioo ya milimita 50 juu ya dari ya jipsamu, nikaziba mianya ya taa, kisha nikatundika turubai nje ya dirisha (pazia la ndani huchelewa, jua limeshaingia). Kiyoyozi kilekile sasa kinafika 25 na kompresa inapumzika.