Kipupwe na Madirisha Yaliyofungwa

Kuanzia Juni hadi Agosti, huku Mbeya kama ilivyo Njombe na Makete, kikohozi huwa kama sehemu ya maamkizi, na wengi huamini kwamba baridi yenyewe ndiyo inayoleta mafua. Sikubaliani nao. Mafua huletwa na virusi vinavyotoka kwa mtu kwenda kwa mtu, na mchango mkubwa wa baridi ni kutusukuma ndani, tukafunga kila mlango na dirisha, kisha tukavuta hewa ile ile waliyokwisha kuitoa wenzetu.

Mfano mzuri ni daladala ya alfajiri kutoka Mwanjelwa kwenda Uyole. Abiria wamebanana, vioo vyote vimefungwa na vimefunikwa ukungu wa pumzi, na ukithubutu kusogeza kimoja kidogo tu, sauti hutoka kiti cha nyuma: "Dada, funga hilo dirisha, mtoto ataumwa!" Mimi humjibu kwa upole kwamba naacha upenyo wa vidole viwili, kisha najifunga kitenge shingoni, kwa maana mtoto huyo ana sweta na kofia ya kumkinga na baridi, lakini hana cha kumkinga na mtu anayekohoa ubavuni pake. Mwenye kikohozi, iwapo hana budi kusafiri, angevaa barakoa.

Nyumbani hali ni ya hatari zaidi, kwa sababu wapo wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kuua watu wakiwa usingizini. Jiko hilo litolewe nje kabla ya kulala, na dirisha lifunguliwe walau mchana.

Kuhusu kunawa mikono, ndoo zenye koki zilizosimama mbele ya maduka mwaka 2020 nyingi zimekwisha kuondolewa, na asubuhi ya Julai si rahisi kumshawishi mtoto aguse maji ya bomba. Kwetu tunachanganya maji ya moto kidogo, ingawa kinachofanya kazi hasa ni sabuni na kusugua kwa sekunde 20, hata kama maji ni ya baridi.

Anayekohoa akinge mdomo kwa kiwiko badala ya kiganja, maana kiganja hicho ndicho atakachokitoa punde tu mtu akimwambia "Ugonile", na salamu zetu, kama mjuavyo, si za kushikana mikono na kuachiana haraka. Ukiwa na mafua, weka mkono kifuani na uitikie ukiwa mbali kidogo. Hakuna mzee atakayekuona huna adabu ukimweleza sababu. Vivyo hivyo, kikombe cha ulanzi kinachozunguka kilabuni kimpite mgonjwa, au aje na chake.

Kikohozi kikifikisha wiki mbili, tuache kukiita mafua. Kifua kikuu nacho huenea kwa hewa, hasa katika vyumba visivyopitisha upepo, na vipimo pamoja na dawa zake hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya serikali. Mgonjwa akimeza dawa ipasavyo, uwezo wake wa kuambukiza hupungua sana ndani ya wiki chache, lakini lazima amalize dozi yote, ambayo kwa kawaida ni ya miezi sita.