Zamu ya Maji Kobebe

Kutoka Kitale, Kenya, hadi mji wa Moroto, Uganda, nilipitia Kacheliba na Amudat, na juu ya njia hiyo sina la kusema ila vumbi. Moroto nilipewa chumba cha shilingi 50,000 za Uganda, bomba kavu, na ndoo ya kuogea unailipia kando. Mlima uko pale pale juu ya mji, kilele kimevaa mawingu mchana kutwa, na huku chini mtu mzima ananunua maji ya kunawa uso.

Nilikuwa nimefuata bwawa la Kobebe. Kijana wa boda tulipatana 40,000 kwenda na kurudi. Tulipofika katikati ya mchanga wa mto mkavu akazima injini, akashuka, akaniarifu kwamba bei ile ilikuwa ya kwenda tu. Saa sita ya mchana, migunga mitupu kila upande, utamshtaki kwa nani? Nikaongeza 25,000. Akawasha akicheka, wala hakuona haya.

Bwawani nilidhani nimerudi Kenya. Waturkana walikuwa wamejaa na mbuzi, ng'ombe na ngamia wao, askari wa Uganda anawahoji kwa Kiswahili nao wanamjibu kwa Kiswahili, huku Wamatheniko, wenyeji wa hapo, wakinyoosha miguu kivulini. Pande hizi mbili ziliwahi kuchinjana. Mwaka 1973 wazee wao walizika silaha Lokiriama, upande wa Kenya, na wengi bado wanauheshimu mkataba ule. Bunduki hazikuisha, kwa kweli: mwaka 2023 Rais Museveni alilazimika kuamuru Waturkana wasiingie tena Uganda na silaha.

Lakini siku hiyo hakuna aliyepaza sauti. Kundi moja likinywa, jingine linazuiwa mbali, mchungaji kasimama mbele na fimbo ameilaza begani. Mbele ya kundi la Wamatheniko alikuwa maksai mweusi, pembe moja imepindishwa ikatazama chini, shingoni kengele ya chuma. Alikunywa mpaka mbavu zikapotea. Mwenyewe akapiga mluzi mmoja, na ng'ombe wote wakageuka wakaondoka. Mimi nyumbani nina ng'ombe mmoja tu na hanisikii.

Nilikaa karibu na mzee wa Kiturkana aliyekuwa akisubiri zamu, juu ya kigoda chake kidogo cha mti.

"Mzee, mvua kwenu vipi?"

"Mvua ya kwetu ni mdeni. Wingu linapita, linakuona, linageuza njia."

Ng'ombe wake walikufa katika ukame ule wa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, ulioua mifugo zaidi ya milioni 2 Kenya nzima. Sasa ana mbuzi na ngamia, kwa sababu ngamia anakula majani ya juu mtini nyasi zikiisha, na hata wakati wa ukame maziwa hayakatiki.

Nikamweleza ninayosikia redioni, kwamba ng'ombe akicheua hupiga mbweu zenye methani, gesi inayopasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko hewa ya ukaa ukihesabu kwa miaka 100. Alinisikiliza kwa adabu.

"Na magari je?"

Nikasema magari na viwanda vina dhambi kubwa zaidi.

"Basi waanze na hayo, mwanangu. Wangu walishakufa."

Akaniuliza mifugo yangu. Nikamtaja Friesian wangu wa gredi, lita zake, banda lake la saruji.

"Anatembea umbali gani kufuata maji?"

"Hatembei, mzee. Namletea."

"Na nyasi?"

"Nanunua marobota."

Alinitazama kwa huruma ya kweli, na haikunikalia vizuri, maana Januari iliyopita robota lilipanda bei hadi nikamlisha yule ng'ombe mabua ya mahindi, maziwa yakapungua nusu. Sisi wa Trans Nzoia, kule Kitale, huwaita hawa watu wa kuhamahama kana kwamba ni ugonjwa. Nyasi zikiisha kwetu, tunahamisha pesa tu, na pesa nazo huisha.

"Muuze," akasema. "Nunua ngamia. Nitakuchagulia mimi."

"Mzee, ngamia hatatosha kwenye ploti yangu."

"Basi hama ploti," akasema, akachukua kigoda chake akanyanyuka, maana zamu yake ilikuwa imefika.