Winga wa Kinshasa

Jumamosi iliyopita mvua ilitukatiza mazoezi. Tukajibanza chini ya mabati pembeni mwa uwanja, wasichana kumi na wanne, mimi, na mipira sita ambayo miwili haina upepo. Mazungumzo yakaangukia kwa Madina Okot, yule Mkenya wa basketboli, kama kila wiki. Huku pwani kila mtu anajiona ana fungu kwake, kwa kuwa alisoma Kaya Tiwi hapo Kwale kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Zetech, kisha vyuo vikuu vya Marekani, Mississippi State halafu South Carolina. Msichana mmoja, mrefu hadi anainama mlangoni kwao, akauliza: "Kochi, kuna mwanamke aliyezaliwa hukuhuku Afrika akachukua ubingwa wa WNBA, ile ligi ya wanawake ya Marekani?"

Nikamwambia yupo aliyechukua mara mbili mfululizo, kabla hata wewe hujazaliwa. Nikataja jina. Wakatazamana.

Mwadi Mabika.

Sikuwalaumu. Mimi mwenyewe jina hilo nilipewa na fundi cherehani. Wakati huo tulikaa Magongo, na jirani yetu alikuwa mama mmoja wa Bukavu, Kongo, aliyeshona vitenge barazani. Nilimpelekea bukta ya timu anipunguzie kiuno, akauliza nacheza mchezo gani. Basketboli, nikasema. Akasimamisha mashine. "Unamujua Mwadi?" Nikasema simjui. Alinitazama kama niliyeuliza bahari iko upande gani. "Ule njo mutoto ya kwetu," akasema. "Iko anacheza kule Amerika na ule murefu, Leslie." Bukavu na Kinshasa ni mwisho huu na mwisho ule wa nchi, lakini kwake Mwadi alikuwa kama amezaliwa nyumba ya pili. Kesho yake nikaenda saiba ya mjini, nikalipa nusu saa, picha ya kwanza ikachukua robo saa kufunguka kutoka kichwani kushuka magotini. Jezi ya Los Angeles Sparks, rangi ya zambarau na manjano.

Kisa chake nilikijua kwa vipande vipande baadaye, na kipande ninachokipenda si ubingwa. Ni kipigo.

Mwaka 1994 wanawake wa Zaire, ndilo jina la Kongo wakati ule, walitwaa ubingwa wa Afrika, na miaka miwili baadaye wakaenda Olimpiki ya Atlanta. Mwadi alizaliwa Kinshasa tarehe 27 Julai 1976, kwa hiyo alitimiza miaka ishirini michezo hiyo ikiendelea. Zaire walipangwa kundi moja na Marekani. Nyinyi mliocheza mpira mnajua kuna kufungwa na kuna kufungwa. Wao walifungwa 107 kwa 47. Tofauti ya pointi sitini nzima! Katikati ya timu hiyo ya Marekani, iliyoendelea hadi medali ya dhahabu bila kupoteza mechi, alikuwepo Lisa Leslie, yule "murefu" wa mama wa Bukavu.

Basi hapo wasichana wangu wakaanza kucheka, maana sisi wenyewe mwezi jana tulipigwa na timu ya Likoni kwa tofauti ya arobaini na tukarudi kwenye feri hakuna anayemsemesha mwenzake.

Mwadi hakurudi nyumbani baada ya Olimpiki. Alibaki Marekani. Nikiwa na umri wake nisingethubutu, kusema kweli. Mimi nilikwenda kambi ya wiki mbili Nairobi nikalia usiku wa tatu. Na nyumbani alikokuwacha nako hakukungoja. Vita vilianza mashariki kabla mwaka haujaisha, na Mei 1997 Mobutu akakimbia, Kinshasa ikachukuliwa, jina la Zaire likafutwa. Jezi aliyovaa Atlanta ikawa ya nchi ambayo haipo kwenye ramani. Wiki tano hivi baadaye, tarehe 21 Juni 1997, WNBA ikacheza mechi yake ya kwanza kabisa: New York Liberty waliwafunga Sparks 67 kwa 57, kulekule Los Angeles. Msimu huo wa kwanza Mwadi alikuwa mchezaji wa Sparks. Na aliyekuwa sentahafu, samahani, senta wa Sparks (huwa nachanganya na soka) ni nani? Leslie. Yule yule wa pointi sitini.

Sparks hawakufika kileleni mbio. Njiani walisimama Houston Comets, waliochukua mataji manne ya kwanza ya ligi, kuanzia 1997 hadi 2000. Mwaka huo wa 2000 Sparks walishinda mechi 28 wakapoteza 4 tu, na bado Houston wakawatoa kwenye nusu fainali. Mwaka uliofuata, chini ya kocha Michael Cooper, wakarudi na hesabu ileile, 28 kwa 4, ila safari hii wakawang'oa Houston mapema na kuwachapa Charlotte Sting kwenye fainali. Mwaka 2002 wakarudia dhidi ya New York.

Mechi ya mwisho ya 2002 ndiyo watu huizungumza: 66 kwa 66, sekunde zinayoyoma, Nikki Teasley anaachia pointi tatu, 69 kwa 66, kwisha habari. Ni haki yake Teasley. Lakini mimi nilikuwa winga, na sisi mawinga tuna kinyongo chetu cha kimyakimya. Mwaka huo Mwadi alikuwa na wastani wa pointi 16.8 kwa mechi, sako kwa bako na Leslie. Aliteuliwa kwenye kikosi bora cha kwanza cha ligi nzima, watu watano tu: Sue Bird, Sheryl Swoopes, Tamika Catchings, Leslie, na binti wa Kinshasa. Taja majina hayo kwa mpenzi yeyote wa mchezo huu, manne atayapokea kabla hujamaliza kuyatamka. La tano atakuuliza, nani?

Wasichana walitaka kujua alitajirika kiasi gani. Hapo nikawavunja moyo kidogo, maana sipendi kuwauzia ndoto iliyopakwa mafuta. Ligi ilipoanza, mshahara wa chini ulikuwa dola 15,000 kwa msimu, na msimu wenyewe ni wa kiangazi tu. Kwa miaka mingi wengi wa wachezaji wa WNBA walikuwa wakifunga virago msimu ulipoisha na kwenda Uturuki, Urusi, Italia, Uchina, huko kwenye pesa zaidi. Goti halijui likizo. Langu la kushoto lilinishinda nikiwa na miaka ishirini na sita, katika timu ambayo ilinidai mazoezi kila siku na mimi nikaidai posho ya miezi minne hadi leo. Mwadi alidumu misimu kumi na miwili. Hata ningekuwa sijui pointi zake, hiyo peke yake ingetosha nimvulie kofia.

Alikaa Sparks mpaka 2007. Msimu wake wa mwisho, 2008, aliucheza wapi? Houston. Kwa Comets walewale waliokuwa wakimzibia njia. Na msimu ule ulipoisha, Comets wenyewe wakavunjwa. Timu yenye mataji manne ikafungwa kama duka. Mama wa Bukavu alikuwa keshahama Magongo siku nyingi, nikakosa mtu wa kumpelekea habari hiyo.

Mvua ilipopungua, uwanja ulikuwa na dimbwi chini ya ringi moja, tukasogea ringi ya pili. Nikawapanga kwenye kona ya kulia, mitupo ishirini kila mmoja. Yule mrefu akabaki nyuma, mpira kiunoni.

"Kochi, siku ya kwanza mazoezini, unadhani Leslie alimwambia nini? Si walimfunga sitini?"

"Alimwambia kimbia upande wako, mpira utakuja. Haya, kona."

Akakosa sita za kwanza.