Kumfikia kila mtoto katika darasa la wanafunzi 94

Mwaka jana, katika wiki ya pili ya muhula wa pili, nilimwomba mtoto mmoja wa Darasa la Pili abaki nami wakati wenzake wakienda kunywa uji, nikamwekea mbele kitabu kilichofunguliwa kwenye ukurasa ambao darasa zima lilikuwa limeusoma kwa sauti asubuhi ile. Alisoma mistari yote mitatu bila kukosea hata silabi moja. Kisha nikaufunika mstari wa kwanza na wa pili kwa kiganja, nikamwomba anisomee wa tatu peke yake. Aliutazama kwa muda, akakitazama kiganja changu, halafu akaanza upya kuutamka mstari wa kwanza.

Mtoto huyo alikuwa ameukariri ukurasa wote kwa masikio. Alikuwa akikaa dawati la mwisho, na sauti yake ilikuwa miongoni mwa zile zilizosikika vizuri kila nilipouliza, "Mmeelewa?", nao wakaitikia kwa pamoja kwamba wameelewa. Tangu Januari nilikuwa nikimhesabu kuwa miongoni mwa watoto wachangamfu wanaoshiriki somo. Kwa hakika alishiriki: aliimba, alipiga makofi na aliitikia, lakini hakuna siku hata moja niliyompa kazi ambayo angeweza kuifanya tu kama anajua kusoma.

Ninafundisha wilayani Tarime, mkoani Mara. Uwiano unaokusudiwa nchini kwetu ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, nami mwaka ule nilikuwa na wanafunzi 94 katika chumba kimoja. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, wanaletwa shuleni watoto ambao zamani wangebaki nyumbani kuchunga, na hilo ni jambo ninalolifurahia kwa moyo wote. Hata hivyo, hesabu yake haikwepeki. Kipindi chetu cha dakika 30 kikigawanywa kwa watoto 94, kila mmoja anapata sekunde 19, na hapo bado hujaandika tarehe ubaoni. Ndiyo maana mwalimu wa darasa kubwa huegemea kuitikia kwa pamoja, wala simlaumu, kwa kuwa sauti ya watoto tisini wakijibu kwa pamoja inampa mtu faraja kwamba kazi inakwenda.

Kisa cha mtoto huyu nilikipeleka kwa walimu wenzangu katika jumuiya yetu ya ujifunzaji, vile vikao tunavyofanya shuleni chini ya mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Nilitarajia kupewa pole. Badala yake kila mmoja alitoa jambo analolifanya darasani mwake, na mengine alikuwa hajawahi kuyasimulia kwa sababu aliyaona madogo mno. Mengi kati ya hayo nimeyajaribu tangu wakati ule, nami naandika hapa yale yaliyonifaa, pamoja na mipaka yake.

La kwanza lilitoka kwa mwalimu wa Hisabati wa Darasa la Tatu, ambaye huwaambia watoto wafumbe macho, wafikiri, kisha waweke jibu kifuani kwa vidole. Hawanyooshi mikono juu, kwa sababu mkono ulio juu unaonekana na jirani na jibu linaigwa mara moja. Siku ya kwanza nilipouliza 12 kutoa 5, niliona vidole vitatu kwenye vifua vya watoto zaidi ya ishirini, na wengine walikuwa wamefumbua macho wakihangaika kwa sababu walikuwa wamepata 13 na vidole havitoshi. Walikuwa wametoa 2 kutoka kwenye 5, kwa kuwa tangu Darasa la Kwanza wamesikia kwamba namba ndogo hutolewa kwenye namba kubwa. Ningeuliza kama kawaida, wale waliopata 7 wangepaza sauti, nami ningefuta ubao na kuendelea na hesabu nyingine nikiwaacha wenzao palepale.

Kesho yake nilirudi na vijiti. Kila dawati lilipewa bunda la vijiti kumi lililofungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, pamoja na vijiti viwili vya pembeni. Nikawaambia watoe vitano. Walivichukua vile viwili, wakasita, wakatazamana, na ukimya wao ule mfupi ulinionyesha hasa walipokwama. Kisha mtoto wa dawati la mbele akaufungua mpira. Kwa maoni yangu, kitendo hicho cha mkono kufungua bunda hakina mbadala, na hakuna maelezo yangu ya ubaoni kuhusu kuchukua kumi yaliyowahi kuwafikia wengi kiasi hicho kwa dakika chache. Vijiti, vizibo vya soda na punje za mahindi havigharimu kitu, lakini vinamtaka mwalimu avihesabu na kuvifunga jioni ya siku iliyotangulia, na ni vyema tukasema wazi kwamba hiyo nayo ni kazi.

Mwalimu mwingine huweka kopo tupu la maziwa mezani, lenye vijiti vilivyoandikwa majina ya wanafunzi wote. Anauliza swali, anakaa kimya, na baada ya hapo ndipo anapochomoa jina. Mpangilio huo ni wa muhimu, kwa sababu jina likitajwa kabla ya swali, watoto 93 wanapumzika. Ule ukimya wa katikati ndio ulionipa shida zaidi. Mtafiti wa Marekani aliyeitwa Mary Budd Rowe aliandika katika miaka ya 1970 kwamba walimu aliowachunguza walisubiri takribani sekunde moja tu baada ya kuuliza, na kwamba waliposubiri sekunde tatu au zaidi majibu ya watoto yalirefuka na waliojibu wakaongezeka. Sekunde tatu zinaonekana chache mpaka usimame mbele ya darasa lililonyamaza. Mimi huzihesabu kwa kugusa kidole gumba kwa vidole vitatu, kimoja baada ya kingine, mkono ukiwa nyuma ya mgongo.

Kopo hilo, hata hivyo, lina hatari yake. Mtoto ambaye jina lake limechomolewa naye hajui jibu husimama huku midomo ikitetemeka, hasa kama nyumbani amezoea kwamba kukosea huleta adhabu. Wiki ya kwanza msichana mmoja alilia, nami nilikaribia kulirudisha kopo kabatini. Aliyenisaidia ni mwalimu wetu mkongwe kuliko wote, ambaye hutumia desturi ambayo kila mmoja wetu ameikuta nyumbani kwao.

Anapotega kitendawili, wasiojua jibu hawaaibiki, kwa sababu mtegaji mwenyewe huwaomba mji. "Nipe mji," anasema, nao wanampa Dodoma au Tanga, naye anasimulia jinsi alivyofika huko, akapokewa vizuri, akala na kunywa, ndipo anapolifumbua fumbo. Asiyejua hapewi jibu bure, bali amelilipia kwa kutoa mji, na heshima yake inabaki palepale. Mwalimu huyo ameihamishia desturi hii kwenye masomo yote. Mtoto aliyechomolewa asipojua, husema, "Mwalimu, nakupa mji wa Musoma." Darasa halicheki, kwa kuwa ametumia haki yake. Mwalimu anaupokea mji, mtoto mwingine anatoa jibu, na aliyetoa mji anakaa akijua kwamba kabla ya kengele ataulizwa swali lilelile, naye atapaswa kulijibu yeye mwenyewe.

Sharti hilo la mwisho ndilo linaloipa desturi hii nguvu darasani. Bila hilo, mji ungekuwa mlango wa kukimbilia. Pamoja nalo, mtoto husikiliza jibu la mwenzake kwa makini ambayo sijapata kuyaona wakati wa kuitikia kwa pamoja. Jambo jingine ambalo sikulitarajia ni kwamba miji yenyewe ikawa somo. Tulikubaliana kwamba mji uliokwisha kutolewa wiki ile haurudiwi, hivyo kufikia Jumatano Mwanza, Arusha na Mbeya ilikuwa imekwisha, na watoto wakaanza kuwauliza wazazi na kaka zao majina mengine. Mmoja alikuja na Tunduru. Nilimwuliza iko wapi, akasema ni mbali, shangazi yake amewahi kufika. Tuliandika majina hayo kwenye kipande cha boksi ukutani, na siku ya Ijumaa tukayasoma kwa silabi. Msichana aliyelia siku ile aliileta Sumbawanga, akaitamka mara mbili kwa raha.

Kuna suala la sauti ambalo wenzangu wa Mara watalielewa mara moja. Watoto wetu wengi huanza shule wakizungumza Kikurya nyumbani, na kwa kuwa lugha hiyo haitenganishi l na r kama Kiswahili kinavyofanya, mtoto huomba karamu anapotaka kalamu. Nimewahi kumrekebisha mtoto mmoja mara kumi kwa siku, na mwisho wake aliacha kuzungumza kabisa. Sasa tunacheza. Nimechora kalamu upande mmoja wa kadi na sinia la pilau upande wa pili, na watoto wawili wanakaa wakitazamana. Mmoja anatamka neno, mwenzake anageuza kadi upande wa alichokisikia. Sinia likitokea wakati msemaji alikusudia kalamu, anajua mwenyewe kwamba ulimi haujafika, na anajaribu tena bila mimi kusema neno. Tumetengeneza kadi nyingine za kula na kura, na za mahali na mahari, ingawa hiyo ya mahari ilibidi ichorwe ng'ombe ili ieleweke.

Kazi ya wawili wawili kama hiyo ndiyo ninayoitegemea zaidi sasa. Mmarekani Frank Lyman aliipa utaratibu wake unaojulikana mwaka 1981: mtoto anafikiri peke yake, anazungumza na mwenzake, ndipo wanalieleza darasa. Katika chumba ambacho dawati moja hukaliwa na watoto watatu au wanne, na hakuna nafasi ya kuyasogeza, kumgeukia jirani ndiyo njia pekee ya watoto karibu nusu ya darasa kuzungumza kwa wakati mmoja. Kelele zitakuwepo. Mwalimu Mkuu alipopita dirishani siku za mwanzo alisimama akidhani sipo darasani, ikabidi nimweleze. Nilichojifunza ni kuwapa jambo dogo sana na muda mfupi, kwa mfano waambizane neno moja linaloanza na silabi "nya", kisha kunyanyua mkono wangu, nao wanyanyue yao mpaka kimya kirudi.

Kuhusu nyimbo nitasema kidogo tu. Ninaziimba na zinafaa kuwaamsha watoto saa sita, jua linapokuwa kali na tumbo limekwisha kuusahau uji. Ila siku hizi, kabla ya kuimba, najiuliza kama wimbo huo utanionyesha nani amejua na nani hajajua, na kama hautanionyesha, basi unakaa mwanzoni au mwishoni mwa kipindi, wala hauli zile dakika za katikati.

Yule mtoto wa dawati la mwisho nilimhamishia dawati la pili karibu na dirisha, na kila siku wakati wa uji tulisoma silabi kwa dakika tano, kadi zikiwa zimechanganywa ili masikio yasimsaidie. Wiki zote za mwanzo alinipa miji mfululizo. Agosti alianza kusoma maneno ya silabi mbili, Septemba sentensi fupi. Mwezi Oktoba niliingia darasani nikamkuta amekaa na mtoto mdogo wa Darasa la Kwanza, kitabu kikiwa wazi katikati yao. Alikuwa ameifunika mistari miwili ya juu kwa kiganja chake, akimwambia mwenzake asome wa tatu.