Robo ya nyama au kilo ya maharage?

Jana nimesimama buchani hapa Mbagala, nikauliza nyama ya mchanganyiko. Kilo 12,000. Mwaka jana ningechukua nusu bila kufikiri. Safari hii nikavuka barabara hadi kwa mama wa nafaka, nikapimiwa kilo ya maharage kwa 3,500. Robo ya nyama tungeimaliza mlo mmoja. Maharage haya, watu watano, nikiyaunga kwa nazi yanafika siku ya pili.

Wifi yangu anasema nawanyima watoto afya. Imeniuma, maana si kweli. Gramu 100 za maharage makavu zina protini kama gramu 20, karibu sawa na nyama mbichi ya uzito huo. Yakipikwa yanavuta maji na protini kwa uzito uleule inapungua, kwa hiyo sahani lazima ijae. Madini ya chuma yamo pia, ila mwili huyapata kwa shida yakitoka kwenye mimea, ndiyo maana siku hizi nakamulia ndimu kwenye kachumbari, na chai tunakunywa baadaye kabisa, si pamoja na chakula.

Ila na wale wanaosema tuache vyote vya wanyama sikubaliani nao. Vitamini B12, ile inayosaidia kutengeneza damu, huipati kwenye maharage wala mchicha. Kwa hiyo dagaa hawakosi jikoni kwangu, na mwanangu mdogo wa miaka miwili anapata yai lake, hata trei ipande vipi.

Leo ni kunde na dagaa wa Mwanza. Nimeshaloweka kunde tangu usiku ziive haraka, maana mkaa nao umepanda bei.