Kasema Nini Yule Mzee?

“Mama, yule babu kasema nini?”

Kitinda mimba alikuwa anatazama filamu ya Interstellar kwenye simu yangu, kafika pale Profesa Brand yuko kitandani anakata roho. Akarudisha nyuma, akaweka simu sikioni, akarudisha tena. Mimi nilikuwa jikoni, nikasimama na mwiko mkononi. Swali hilohilo niliwahi kuulizwa na watu wazima waliolipia tiketi, wakiwa wamekasirika kweli.

Ilikuwa Novemba 2014, enzi zile za London, zamu ya jioni chumba cha projekta. Filamu ilifika kwenye diski yake kama kawaida, tukaiingiza kwenye seva, funguo za kidijitali za kuifungua zikaja kwa barua pepe zikiwa na saa ya kuanza na ya kuisha. Uingereza ilianza kuonyeshwa tarehe 7. Dakika 169, bila kuhesabu matangazo. Watu walikuwa wameisubiri kwa hamu: Christopher Nolan ndiye mwongozaji, na mwanafizikia Kip Thorne, ambaye mwaka 2017 angepata Tuzo ya Nobel kwa kazi ya mawimbi ya mvutano, ndiye aliyetoa milinganyo ya shimo jeusi. Ukumbi ulijaa.

Fundi akipima ukumbi huweka maikrofoni kama theluthi mbili ya urefu wake kutoka kwenye skrini, anapitisha mvumo wa kupimia, na kila spika ya nyuma ya skrini inatakiwa ifike desibeli 85. Hapo mashine ya Dolby, inayoendesha sauti ya ukumbi, inaandika 7. Sabwufa hupewa desibeli 10 za ziada kwenye eneo lake la besi. Aliyechanganya sauti ya filamu naye alikaa kwenye ukumbi uliopimwa hivyohivyo, kwa hiyo ukiweka 7 unasikia alichosikia yeye. Kumbi nyingi hazifiki huko. Matangazo na trela hutengenezwa kwa kelele, watazamaji wanalalamika, msimamizi anashusha hadi 5.5 au 5, halafu filamu yenyewe inaanzia hapohapo. Kuanzia 4 kwenda juu kila namba ni kama desibeli 3.3, hivyo 5.5 imeshakata desibeli 5. Filamu nyingi zinavumilia. Hii haivumilii: mnong'ono ukishuka desibeli 5 unazama chini ya mngurumo wa kiyoyozi na utafunaji wa bisi.

Usiku ule niliiacha 7.

Saa ya kwanza ilipita vizuri. Nilishuka kusimama mlango wa nyuma, ndani ya ukumbi, kwa sababu nilitaka kuisikia filamu nikiwa kati ya watu. Nilipofika, Cooper, yule rubani aliyewaacha watoto wake Duniani, alikuwa amerudi kutoka kwenye ile sayari ya maji iliyo karibu na shimo jeusi, ambako saa moja ni miaka 7 ya Duniani, na mwenzao aliyebaki chomboni anamwambia imepita miaka 23, miezi 4 na siku 8. Anakaa kutazama video za watoto wake wakikua mbele ya macho yake. Mstari wa katikati alikuwa rafiki yangu muuguzi, aliyemwacha binti yake Kisumu kwa bibi na kumlea kwa simu. Alijiinamia, amejifunika uso kwa skafu. Sehemu hiyo haina tatizo lolote la sauti. Kila neno linasikika.

Kisha ikaja ile ya Profesa. Murph, binti yake Cooper, ameinama kando ya kitanda. Mzee anakiri kwamba alidanganya, kwamba mpango wa kuwaokoa watu wa Dunia haukuwa na tumaini tangu mwanzo. Ni siri inayoshikilia filamu nzima, na mwigizaji Michael Caine anaitoa kwa pumzi ya mtu anayekufa, huku muziki wa Hans Zimmer ukipanda. Nikaona vichwa vinageukiana. Upande wa kulia mtu akamwuliza mkewe, mke akatikisa kichwa. Mbele yao kijana kaziba mdomo kwa kiganja, amesikia, ameumia. Dakika ileile mzee wa Kiingereza akatoka mstari wa mwisho, akaja moja kwa moja kwangu: punguza, muziki unameza maneno. Hajamaliza sentensi, msichana wa mstari wa pili kutoka mbele, aliyekaa pembeni kabisa, amefika naye: tafadhali ongeza, hatusikii. Wakatazamana. Kila mmoja alidhani mwenzake amekuja kudai kitu kilekile.

Na wote wawili walikuwa na haki. Mstari wa mwisho unaegemea ukuta, na besi hujilimbikiza ukutani na kwenye kona; mzee yule alikuwa anapata kinanda cha muziki ule kizito kuliko kilivyorekodiwa kwenye kanisa la Temple Church, palepale London. Msichana alikuwa mita chache kutoka kwenye spika za ukuta wa kushoto, na spika ya katikati, inayobeba karibu maneno yote, ikawa mbali naye. Ningeongeza, mzee angepigwa na besi zaidi. Ningepunguza, msichana angebaki na midomo inayochezacheza. Kupandisha spika ya katikati peke yake kunawezekana, lakini sauti ya kila anayeongea inageuka kuwa kali, na ukumbi haupo tena kwenye kipimo kwa filamu ya kesho. Sikugusa kitu. Niliwaomba wahamie viti viwili vilivyokuwa wazi karibu na njia ya katikati. Msichana alikubali. Mzee alitoka nje.

Kule mapokezi walipotoka wote, maneno yakawa mengi. Binamu yangu anayesoma fizikia alikuwa amechachamaa. Saa moja kwa miaka 7 aliikubali, akijua kwamba shimo jeusi lazima lizunguke kwa kasi iliyo karibu kabisa na kikomo. Thorne mwenyewe ameandika kwamba pungufu yake ni sehemu moja katika trilioni 100. Lililomkera ni ile rafu ya vitabu, ambayo Cooper anawasiliana na binti yake kupitia kwayo, na hotuba ya mapenzi kuvuka nafasi na wakati. “Dada, wametuleta hadi mlangoni kwa hesabu, halafu wakaingia kwa machozi.” Muuguzi akamjibu kwamba yeye hakuhitaji hesabu kujua baba yule amepoteza nini. Hawakupatana, na sijawasikia wakipatana mpaka leo.

Nolan alisema hadharani mwezi uleule kwamba sauti ile ameichanganya hivyo kwa makusudi, kwamba mahali pengine maneno ni sauti miongoni mwa sauti. Namwamini. Linalonishughulisha lilikuja baadaye, 2015, Thorne na wataalamu wa Double Negative, kampuni iliyotengeneza picha za kompyuta za filamu, walipochapisha jinsi walivyochora shimo jeusi. Wakalipunguza kasi kwa ajili ya picha, na wakaondoa ile tofauti inayofanya upande mmoja wa pete ya mwanga inayolizunguka ung'ae na mwingine ufifie, ili watazamaji wasichanganyikiwe. Picha halisi ya shimo jeusi la galaksi ya M87, ya Aprili 2019, inaonyesha wazi upande mmoja umeng'aa kuliko mwingine. Kwa hiyo macho yetu yalihurumiwa hata ukweli ukapunguzwa, na masikio yakaachwa yapambane. Kwa nini huruma ile haikufika kitandani kwa Profesa? Nimelizungusha sana swali hili, na kila nikiisikia ile sehemu kwenye spika nzuri naona Nolan alikuwa na sababu, maana siri ya namna ile ndivyo inavyotoka kwa mtu anayekufa. Nikiisikia kwenye simu naona alikosea.

Baada ya usiku ule msimamizi aliagiza tushuke hadi 6. Malalamiko ya kelele yakapungua, ya maneno yakaongezeka, na kinanda kikawa kinasikika bila kukaa kifuani. Ningepewa ukumbi ule leo ningerudisha 7 na kufunga mstari wote wa mwisho, pamoja na viti vya pembeni vya mbele. Hesabu ya tiketi isingekubali.